Bunduki zinazomtii Zita peke yake

Saa mbili asubuhi, Katandala, mjini Sumbawanga. Baridi ya Ufipa haijaondoka uani, na Zita Kasimiri amechuchumaa na kitenge mabegani, bunduki ya upepo mkononi. Hatua ishirini mbele yake, kifuniko cha kopo la maziwa kimepigiliwa kwenye ubao. Anaukunja mtutu kukaza springi, anatia risasi, anaurudisha, anashusha pumzi, anafyatua.

Mlio wake si wa bunduki hasa, ni kama mtu amepiga kofi juu ya meza. Anarudia mara tano. Kisha anakwenda kukibandua kifuniko na kumpa mwandishi. Matundu matano yamekaa pamoja, sarafu ya shilingi ingeyafunika yote.

"Sasa wewe," anasema, na kupigilia kifuniko kingine.

Mwandishi wa makala haya alipita jeshini kwa mujibu wa sheria, na kwenye shabaha hakuwa wa mwisho. Bunduki ni ileile, risasi ni zilezile, upepo haupo. Anapiga tano. Kifuniko hakijaguswa, na risasi moja imegonga ukuta wa choo cha jirani.

Zita hacheki. Anakaa kwenye kigoda, anaitazama bunduki, anamtazama mwandishi.

"Unaona? Hata wewe. Mimi sielewi, ndugu mwandishi. Kweli kabisa sielewi."

Mwandishi alikuja Sumbawanga Jumatano hiyo ya Novemba 1993 kuandika habari nyepesi tu, habari ya mwanamke anayetengeneza bunduki za upepo. Hakujua kwamba ameingia kwenye shauri. Fundi huyu alikuwa ameitwa mbele ya balozi wa nyumba kumi Jumamosi ya wiki hiyohiyo, aeleze kwa nini bunduki anazotengeneza zinapiga sawasawa zikiwa mikononi mwake na kupotea zikifika kwa wenyewe.

Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Sumbawanga yana vitu ambavyo miaka kumi iliyopita mtu alivisikia tu. Sabuni za rangi, redio za mkononi, baiskeli za gia. Na bunduki za upepo. Zinaletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Zambia, mpya, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Mkulima mwenye kibali anainunua kwa shilingi elfu kumi na nane afukuze kunguru wanaofukua mbegu za mahindi, au apate kanga wa kitoweo.

Shida ni kwamba nyingi hazilengi. Zinatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, zinapiga kelele ndani, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe.

"Zinakuja zimejazwa grisi mpaka puani," anasema Zita. "Ukifyatua, ile grisi inaungua ndani. Leo risasi inakwenda kwa nguvu, kesho inakwenda taratibu. Utalenga nini hapo?"

Kwa hiyo anazifungua. Springi ikiwa imebanwa ndani inaweza kumtoa mtu jicho, basi yeye huibana kwa jeki ya gari na mbao mbili, na kuiachia kidogo kidogo. Huiosha kwa mafuta ya taa. Ncha za springi anazisugua juu ya jiwe mpaka zikae bapa, kisha anazilainisha kwa msasa. Washa ya plastiki inayozuia upepo usivuje kwenye pistoni, ikiwa imechanika, anaitupa, anakata nyingine kwenye ngozi ya mkanda wa zamani, anailoweka kwenye mafuta siku nzima. Skrubu zote anazikaza upya, maana mtutu unaocheza hauna shabaha.

Risasi nazo anazichambua. Ni vidude vya madini ya risasi vyenye kiuno kama cha nyigu, na Zita huviviringisha juu ya kioo kimoja kimoja. Kinachoyumba anakitupa kwenye kopo. Katika mia moja hutupa ishirini, wakati mwingine thelathini.

"Wateja wengine wanataka niwatilie springi ya pikipiki, iwe na nguvu," anasema. "Nawaambia nendeni kwa fundi pikipiki."

Kazi hii aliipata kwa baba yake, mzee Kasimiri, aliyekuwa fundi wa karakana ya misheni ya Kaengesa. Mapadri walikuwa na bunduki mbili za upepo za Kijerumani, za kuwatoa popo darini, na kila zilipochoka mzee alizipeleka nyumbani. Zita alikuwa mtoto pekee aliyekaa kumtazama, kwa sababu shamba lilimshinda. Akiwa na miaka saba aliangukia moto wa mafiga. Vidole vya mkono wa kushoto vilipona vikiwa vimenyooka na kukakamaa, havikunjiki mpaka leo.

"Jembe halishikiki kwa mkono huu," anasema na kuuonyesha. "Bisibisi inashikwa kwa mkono wa kulia. Basi nikawa fundi."

Sasa ana miaka arobaini na sita na watoto wanne. Mumewe, Clemens, ni dereva wa lori la mahindi na mara nyingi yuko njiani. Zita hutengeneza bunduki nne kwa mwezi, kila moja shilingi mia nane, na bila kibali cha mwenye bunduki haipokei. Ndiyo ada ya shule hiyo, na sukari ya nyumba.

Mambo yaliharibika mwezi Oktoba. Bunduki tatu zilirudi ndani ya wiki mbili. Wa tatu kurudisha alikuwa Masalu, mfugaji na mkulima aliyehamia kutoka Usukuma na kufungua shamba ng'ambo ya Kaengesa. Alikuja na baiskeli, kilomita thelathini, bunduki imefungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, mama," alisema, maana Masalu ni mtu wa adabu. "Bunduki hii haipigi."

Zita aliichukua, akatia risasi, akapiga kifuniko katikati. Masalu akapiga, akakosa. Zita akapiga tena, akapata. Masalu akakosa tena. Walifanya hivyo mara sita, na majirani wakaanza kuja ukutani kutazama. Mara ya saba Masalu aliiweka bunduki chini, polepole, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwandishi alimkuta Masalu sokoni Alhamisi, akinunua chumvi ya ng'ombe, akamuuliza anafikiri nini. Aliufunga kwanza mfuko wa chumvi, ndipo akajibu.

"Mimi sisemi yule mama ni mchawi. Sijasema na sitasema. Ninasema bunduki inamjua. Kwangu nina ekari sita za mahindi, kunguru wanafukua mbegu mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika chombo kinachomjua mtu mwingine. Wewe ungefanyaje?"

Mwandishi aliukumbuka ukuta wa choo cha jirani. Yeye mwenyewe alikuwa amekosa mara tano.

Neno lililozunguka Katandala ni kwamba Zita anazifunga bunduki. Anazifunga zimtii yeye, ili wateja warudi kila mwezi. Katika mji mwingine maneno kama hayo yangekuwa mzaha wa kijiweni. Hapa si mzaha. Mwanamke akishasemwa hivyo, watu huanza kuyatazama macho yake, na kuku wa jirani akifa anatajwa yeye. Bombani wanawake walikuwa wameanza kumpisha achote maji wa kwanza, na wala haikuwa heshima.

"Ninaogopa," alisema Zita siku hiyo, waziwazi, huku akiendelea kusugua springi. "Siogopi kukosa wateja. Naogopa watoto wangu waitwe watoto wa nani."

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba alianza kujishuku. Bunduki ya Masalu aliifungua mara sita. Springi ilikuwa nzima, washa imekaa, mtutu haukucheza, skrubu zote zimekaza. Hakuna kasoro. Na kama bunduki haina kasoro, na mkono wake ndio mbovu kuliko mikono yote ya mtaa, inakuwaje?

"Nilisali novena nzima, siku tisa," alisema. "Nikamwambia Mungu, kama kuna kitu ndani yangu ambacho mimi sikijui, nionyeshe."

Ijumaa asubuhi mwandishi alikuwepo uani wakati jirani, Rozina, anayeuza maandazi, alipokuja kurudisha ungo. Rozina ndiye pekee aliyekuwa bado anaingia kwa Zita bila kupiga hodi.

"Hebu na wewe piga," Zita alimwambia.

"Mimi? Nipige nini na tumbo lote hili?"

"Piga tu, Rozina. Nakuomba."

Rozina aliipokea bunduki kama mtu anayepokea sufuria iliyotoka motoni, kwa ncha za vidole. Hakuibana begani. Aliiweka juu ya kiganja kilicho wazi, akageuza uso nusu, akafyatua huku akilitaja jina la Bikira Maria.

Kifuniko kililia.

Wote watatu walikwenda kulitazama tundu. Zita akamtilia risasi nyingine, na Rozina akapata tena, pembeni kidogo. Ya tatu ikaingia karibu na ya kwanza. Rozina alikuwa hajawahi kushika bunduki maishani mwake.

"Sasa na mimi nimefungwa au nimefunguliwa?" aliuliza Rozina, na hakuwa anatania.

Zita aliinama karibu. Alikuwa anautazama mkono wa Rozina, kisha wake mwenyewe, ule wa vidole vilivyonyooka. Aliingia ndani, akatoka na ukanda wa mpira wa baiskeli. Alimwomba mwandishi amfunge mkono wa kushoto pamoja na ubao wa chini ya mtutu, kwa nguvu, mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kisha akaikandamiza bunduki begani, akalenga, akapiga tano.

Akakosa tano.

Alikaa chini. Mwandishi alidhani analia, lakini alikuwa anacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha sana.

Maelezo aliyoyatoa baadaye yalimchukua nusu saa, na mwandishi alilazimika kuomba yarudiwe. Wanaume wa huku wamejifunza kulenga kwa gobore au kwenye mgambo. Gobore husukuma mara moja, kuja nyuma, na kwenye mgambo mkufunzi hupita akikugonga mgongoni: bana, bana, ibane begani isikutoroke. Mtu akifunzwa hivyo, mwili hausahau. Bunduki ya springi ina tabia nyingine. Springi ikiruka, bunduki inarudi nyuma, na pistoni ikifika mwisho bunduki inaruka mbele, yote hayo kabla risasi haijatoka mtutuni.

"Ukiiachia icheze, inacheza vilevile kila mara," alisema Zita. "Ukiibana, inakataa. Leo umebana sana, kesho kidogo, na kila mara inarukia kwingine. Mimi siwezi kuibana hata nikitaka. Ndivyo ninavyodhani. Sina hakika. Nani aniambie?"

Mwandishi alijaribu kiganja wazi. Risasi tatu kati ya tano ziliingia. Alifurahi kupita kiasi, kwa kweli, na akaamini kwamba shauri limekwisha. Mchana huo walikula ugali na maharage wakiwa na nafasi moyoni.

Jumamosi saa nne, watu wapatao sitini walijaa kwenye uwanja nyuma ya nyumba ya balozi, mzee Mbonile. Ni mtu wa Mbeya, bwana shamba mstaafu, mwenye miwani na daftari. Alisema kwamba kikao hiki hakizungumzi uchawi, kwa kuwa serikali haina fomu ya uchawi. Kikao kinazungumza bunduki.

Masalu alipiga tatu kwa namna yake, taya zimekaza, mishipa ya shingo imesimama. Akakosa tatu. Zita alipiga tatu na kupata tatu, na mnong'ono ukapita.

Zita akaeleza. Alieleza vizuri, akataja gobore, akataja mgambo, na wazee wawili watatu walitikisa vichwa kukubali. Kisha akamwambia Masalu afungue mkono wa kushoto, bunduki ilale tu juu ya kiganja, na bega asiliweke kazini.

Masalu alijaribu. Alifungua kiganja, lakini alipolenga tu vidole vikajifunga vyenyewe. Akakosa. Akafungua tena, vikafunga tena. Jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Vikatae vidole vyako," alisema Zita.

"Havinisikii, mama."

Hapo ndipo Zita alipofanya kosa, na mwandishi aliliona likitokea bila kujua kuwa ni kosa. Alimsogelea Masalu kama fundi yeyote anavyomsogelea mtu aliyeshika chombo vibaya. Akakishika kile kidole cha kwanza, akakinyoosha. Cha pili, cha tatu. Akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha Masalu kwa muda mfupi, mpaka kilipolegea. Akarudi nyuma.

"Piga."

Masalu akapata. Akatia nyingine, akapata. Ya tatu ikaingia katikati kabisa, na Masalu akageuka na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Hakuna aliyepiga makofi. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Amemgusa. Mmeona? Amemgusa ndipo ikafunguka."

Mwandishi alijitosa mbele. Alisema yeye hakuguswa na mtu na jana alipata tatu kati ya tano. Wakamtazama kwa upole.

"Wewe umekula ugali wake," mzee mmoja akamwambia.

Mzee Mbonile aliandika kwenye daftari kwamba kikao hakikuona kosa la fundi, na kwamba bunduki imeonekana kupiga. Watu wakatawanyika wakiwa wameridhika, na hilo ndilo lililomchanganya mwandishi kuliko yote, maana kilichowaridhisha si maelezo ya Zita, ni kule kugusa. Zita alibaki amesimama uwanjani akiwa na mikono yake miwili mbele yake, anaitazama.

"Nimeshinda au nimeshindwa?" aliuliza.

Mwandishi alisema ameshinda. Hakuamini sana.

Alirudi Katandala baada ya wiki mbili, akitokea Kasesya, mpakani na Zambia. Uani kwa Zita kulikuwa na wanaume saba kwenye benchi, kila mmoja na gunia lake. Kazi za mwezi zilikuwa zimefika kumi na moja. Bombani, alisema Rozina, wanawake wanamsalimia tena, wengine hata wanambebea ndoo. Masalu ameua kunguru wanane, akawatundika shambani, na waliobaki wamehama. Amewaambia watu wa kijiji chake waende kwa mama wa Katandala, awatengenezee bunduki, kisha awaguse.

"Wanakuja kuguswa," alisema Zita kwa sauti ya chini. "Bunduki nyingine hata haina ubovu. Mtu anatoka kilomita hamsini, anaweka shilingi mia nane, ananinyooshea mkono."

"Je, si vizuri?" aliuliza mwandishi. "Kazi imeongezeka."

Alimtazama mwandishi kwa hasira iliyokuwa imetulia. "Leo nawafungulia, mimi ni mtu mwema. Mwakani mvua ikigoma, aliyefungua si ndiye aliyefunga? Wewe utakuwa Dar es Salaam. Mimi nitakuwa hapahapa, na mikono hiihii."

Kwa hiyo ameweka sharti. Hamgusi mtu. Mteja akija kujaribu bunduki yake, Zita husimama hatua kumi nyuma, mikono ameifunga mgongoni, na humwelekeza kwa mdomo tu mpaka atakapovifungua vidole vyake mwenyewe. Wengine hujaribu mara thelathini. Wanne wamekasirika na kuondoka. Mmoja alimwomba kwa machozi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mkulima wa makamo anayeitwa Flavian. Zita alisimama mbali, mikono mgongoni. Flavian alikosa ya kwanza, akakosa ya nane, akakosa ya kumi na tano.

"Mama, kidole kimoja tu," alisema.

"Sikugusi, baba. Fungua mwenyewe."

Aliendelea. Alisonya, akaapa, akaifuta mikono kwenye suruali. Ya ishirini na mbili alikuwa amechoka hata kubana, mkono ukalegea wenyewe, na kifuniko kikalia. Akatia nyingine haraka, akapata. Akatia nyingine, akapata tena. Zita hakusogea, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile mwandishi alimwona akitabasamu mpaka machoni.

"Umeona, baba? Nani amekugusa?"

Flavian alifikiri. Alitaka kusema ukweli, ilionekana.

"Hakuna aliyenigusa," alisema. "Lakini ulikuwa unanitazama."

Wanaume wa kwenye benchi waliitikia, ndiyo, alikuwa anamtazama, wote wameona. Tabasamu la Zita halikuondoka mara moja. Lilikaa hapo kidogo, likiwa halina pa kwenda.

Alipoulizwa mipango yake ya mbele, alisema ameshamwambia Clemens amletee matofali. Atajenga ukuta kati ya karakana na uwanja wa kujaribia, mrefu kuliko mtu, na atakuwa anaelekeza kutoka nyuma yake. Halafu akanyamaza, kwa sababu naye alikuwa ameshafikiria watasema nini kuhusu sauti yake.

"Sitaki kusifiwa," alisema mwishowe. "Nataka siku moja mtu ampige kunguru huko kwake, wenzake wamuulize nani kakutengenezea, aseme hakumbuki."

Kisha akaifunga mikono mgongoni, akageukia ukuta wa nyumba ili asimtazame mtu, na akamwita anayefuata.